Miwani Kumi na Mbili

Benedicta alipopiga ukelele, Marseli alidhani ni nyoka. Kiwanja cha kuchanganyia dawa kilikuwa nyuma ya stoo za shamba la kahawa, na ng'ambo ya mtaro ulianza msitu wa Ngorongoro, kwa hiyo nyoka hawakuwa wageni pale. Akaokota fimbo, akazunguka pipa la maji bila haraka. Akamkuta mwanamke huyo amepiga magoti, mfuko wa chokaa umepasuka mbele yake, na uso wake umekuwa mweupe kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Mikono yake yote miwili ilikuwa machoni, ikisugua.

Fimbo ikamdondoka Marseli.

Ulikuwa mwisho wa Septemba, majira ambayo upepo wa Oldeani hushuka mlimani tangu asubuhi na kupeperusha vumbi jekundu hadi kwenye vyungu vya watu. Mibuni ilitakiwa kupuliziwa dawa kabla ya mvua za vuli. Dawa yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko shamba: mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu, na chokaa, kila kimoja kikilowekwa peke yake, kisha vikachanganywa hadi maji yakawa ya buluu. Chokaa ililetwa kwenye mifuko ya karatasi ya kilo ishirini na tano. Ilikuwa imekwisha kuzimwa kwa maji kiwandani, ikawa unga laini kama wa ngano, nao vibarua wengi waliiona kuwa kitu kipole kwa sababu haikutoa moshi wala harufu. Asubuhi hiyo matrekta mawili yalikuwa yakisubiri, na Marseli, nyapara wa kiwanja kwa miaka kumi na tisa, alikuwa amemwambia Benedicta, "Fanya upesi, mama. Matrekta hayawezi kukungoja wewe." Benedicta akaunyanyua mfuko hadi kifuani, akaurarua mdomo kwa vidole. Upepo ukamalizia.

"Usisugue," Marseli alisema, akamshika viganja. "Usisugue, utajikwangua. Nipe mikono."

"Naungua, baba. Macho yananiungua."

"Najua. Inamisha kichwa upande huu."

Alimkokota hadi kwenye pipa, akamwinamisha, akachota maji kwa jagi la plastiki na kuanza kummiminia kutoka kwenye pembe ya pua kuelekea nje. Kope zilikuwa zimefumba kwa nguvu, hazikubali. Akalazimika kuzifungua kwa kidole gumba na cha shahada, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote, hata watoto wake. Ndani ya jicho la kushoto aliona chembe nyeupe zimeganda chini ya kope kama mabaki ya uji. Akaendelea kumimina.

Simon, kibarua mwenzao, alikuja mbio kutoka jikoni na kikombe cha maziwa. "Mwekee haya, Mzee. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

"Rudisha."

"Maziwa yanapoza."

"Rudisha maziwa, Simon, ulete maji. Lete ndoo zote zilizoko jikoni. Halafu mwite Sairowua aje na gari."

Miaka mingi nyuma mtaalamu mmoja wa shamba aliwahi kuwafundisha: maji, maji mengi, kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha. Marseli alikuwa amesahau jina la mtaalamu yule na sura yake, lakini maneno yalikuwa yamebaki. Alimimina jagi baada ya jagi. Benedicta alitetemeka kwa baridi ya maji ya mlimani. Gauni lake lilikuwa limelowa, na unga uliokuwa shingoni ulipopata maji ulianza kumchoma hapo pia, ikabidi Simon amwoshe shingo na mikono kwa ndoo nyingine. Ili asikurupuke, Marseli alimsemesha. Akagundua kwamba katika miezi mitatu na nusu aliyofanya naye kazi hakuwahi kumuuliza lolote.

"Kwenu wapi?"

"Ikungi. Singida."

"Umeacha nani huko?"

"Mtoto. Goodness. Yuko kwa bibi yake." Akameza mate. "Nitamwona tena, baba?"

Marseli hakuelewa mara moja aliulizwa nini. Alipoelewa, alikosea kumimina, maji yakamwagika sikioni mwa mwanamke.

"Fungua jicho," alisema. "Lifungue, nitie maji."

Pipa lilikuwa limefika nusu gari lilipokuwa tayari. Hata ndani ya gari hakuacha. Walipakia dumu la lita ishirini, Benedicta akalazwa kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani pa Marseli, na njia nzima ya mashimo hadi Karatu mjini, Sairowua akikwepa mawe na punda, maji yalimiminika juu ya macho yale, yakatiririka kwenye suruali ya Marseli na sakafu ya gari. Sairowua, Mmasai wa Piyaya ambaye kwa kawaida aliendesha huku akipiga soga, safari hii aliikazia macho barabara hadi walipoingia geti la hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo. Alimwosha Benedicta tena kwa mpira wa dripu, akagusisha vipande vya karatasi ya kupimia ukali wa chokaa kwenye macho na kuvitazama vikibadilika rangi, akaosha tena. Ilichukua zaidi ya saa. Kisha akatoka kwenye korido.

"Nani alimwosha kule shambani?"

"Mimi."

"Kwa muda gani?"

"Sijui, daktari. Pipa lilifika nusu."

Daktari alimtazama suruali iliyolowa. "Jicho la kulia litapona. La kushoto kioo chake kimeungua. Tunampeleka Moshi kwa mabingwa. Siwezi kuahidi, lakini ungemleta bila kumwosha, leo tungekuwa tunazungumza mengine kabisa." Akamshika bega. "Umefanya vizuri sana, mzee wangu."

Pongezi ile ilimkaa Marseli kifuani kama tonge lililokataa kushuka. Kwa sababu ndani ya kabati la stoo, ambalo ufunguo wake ulikuwa ukimgonga pajani wakati ule ule daktari akimsifu, kulikuwa na miwani kumi na mbili ya kujikinga, mipya, kila mmoja ndani ya mfuko wake wa plastiki.

*

Hakuwa ameifungia kwa ubaya. Hivyo ndivyo alivyojiambia jioni ile akipanda kilima kwenda nyumbani. Miwani ya kwanza, iliyoletwa miaka mitatu iliyopita, ilipotea yote ndani ya msimu mmoja. Mingine ilikwaruzika, mingine alikuja kuiona kwa waendesha bodaboda wa Karatu. Ya pili ilipoletwa, pamoja na glavu na barakoa, akaamua kuitunza. Kila mwezi wa Mei, wakaguzi wa wanunuzi wa ng'ambo walipokuja, aliigawa asubuhi na kuikusanya jioni, akaihesabu na kuirudisha kabatini ndani ya mifuko yake ya plastiki. Wakaguzi walipiga picha. Benedicta aliajiriwa Juni. Hakuwahi hata kujua kwamba kitu kama hicho kipo.

Yeye mwenyewe Marseli hakuvaa chochote. Viganja vyake vilikuwa vimepasukapasuka kama udongo wa kiangazi, vidole haviwezi kukunjika vyote, na alizoea kuwaonyesha vibarua wapya: tazameni, chokaa imenishindwa. Walicheka, naye alicheka.

Mkewe, Antonia, alikuwa akichambua maharage kwenye ungo mlangoni, akitumia mwanga wa mwisho wa jua. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuinua macho. Marseli alimweleza kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, kwa sababu kuna mambo ambayo Kiswahili chake kilikuwa cha kazini mno kuyabeba.

"Hiyo miwani," Antonia alisema, "inafananaje?"

"Ya nini kuuliza hivyo?"

"Sijawahi kuiona. Nataka kujua."

Akajikuta anaieleza. Kioo chake kipana, cheupe kabisa, unaona mbele na pembeni. Kuna mpira laini unaoshika uso pande zote hata vumbi lisipite. Na mkanda wa nyuma, wa kuvuta, unaotosha kichwa kikubwa na kidogo.

"Ni kitu kizuri," Antonia alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Marseli alikaa juu ya kinu hadi jua likazama nyuma ya msitu. Miaka yote alikuwa akijiona mtu mwaminifu kwa sababu katika stoo yake hakikupotea kitu.

*

Siku ya tatu, Inosenti, meneja msaidizi, alimwita ofisini. Alikuwa kijana mpole, mwenye desturi ya kuinuka mzee anapoingia, kisha kumpa kiti. Mezani kulikuwa na fomu ya ajali. Benedicta alikuwa amefanyiwa upasuaji Moshi, alisema, na jibu lingejulikana baada ya wiki kadhaa.

"Sehemu kubwa nimejaza. Imebaki yako, kama msimamizi." Aliweka kidole kwenye mstari. *Je, mfanyakazi alikuwa amepatiwa vifaa vya kujikinga?*

"Hakuwa amepatiwa," Marseli alisema.

"Vifaa vipo stoo, Mzee. Vipo, si ndiyo?"

"Vipo."

"Basi. Ukiandika vilikuwepo, hujasema uongo." Inosenti alishusha pumzi. "Nisikilize. Fomu hii inakwenda kwa wanunuzi. Wakitufutia cheti cha ukaguzi, kahawa hii tunamuuzia nani? Hapa tuko watu mia mbili na zaidi. Simon, Sairowua, wewe, mimi."

"Na Benedicta?"

"Benedicta atatibiwa."

"Baada ya kutibiwa?"

Wote wawili walijua. Kibarua aliyepewa vifaa akaacha kuvivaa ni mzembe. Kanuni zilibandikwa ukutani, nyuma ya kiti chake, na mzembe hakurudi kazini.

Kwa muda Marseli alitazama dirishani. Mistari ya mibuni ilishuka hadi bondeni, safi, iliyopogolewa, mingine aliipanda yeye mwenyewe akiwa na nywele nyeusi. Hakuwa mtu wa kupenda vita na wakubwa. Na lile la watu mia mbili halikuwa kisingizio. Lilikuwa kweli, nalo lilimwogopesha. Lakini kila alipojaribu kuandika "vilikuwepo" kama alivyoombwa, alihisi kope ya mtu ikipigapiga chini ya kidole chake gumba.

Alichukua kalamu. Vidole vyake vigumu viliandika polepole, herufi moja moja. *Miwani ipo kumi na mbili. Niliifungia kabatini. Hakupewa. Hakufundishwa kufungua mfuko. Nilimharakisha.* Akatia saini.

Inosenti alisoma mara mbili. "Unajua karatasi hii itafika mbali?"

"Najua. Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa."

Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani. Inosenti aliutazama, wala hakumwambia auchukue tena.

*

Cheti hakikufutwa. Mkaguzi mmoja alikuja kabla ya wakati wake, bila kamera, akakaa siku mbili, akaacha orodha ndefu na miezi mitatu ya kuikamilisha. Marseli alivuliwa unyapara. Simon ndiye aliyepewa nafasi hiyo, na Marseli, akiwa na miaka hamsini na miwili, akarudi kuchanganya chokaa kama kibarua. Wiki ya kwanza watu waliona haya kumtuma. Wiki ya pili haya ziliwaisha.

Alidhani atakufa kwa aibu. Badala yake, akajikuta anajifunza. Mfuko sasa haukunyanyuliwa kifuani. Ulilazwa chini kabisa, upepo ukiwa mgongoni, ukakatwa kwa kisu, na unga ukateremshwa taratibu kwenye maji yaliyotangulia pipani, si maji kumwagwa juu ya unga. Upepo ulipozidi, kazi ilisimama, na trekta likasimama nalo. Mikono mirefu ya mashati ilifungwa juu ya glavu. Kando ya mtaro lilijengwa tangi dogo lenye bomba la kuoshea macho, na kila asubuhi kabla ya jambo lingine mtu alilifungua kuhakikisha maji yanatoka. Hakuna aliyegusa ugali bila kunawa na kubadili shati.

Miwani ilimtesa mwanzoni. Ilijaa ukungu wa jasho, ilimbana masikio, na mara ya kwanza alipoivaa Sairowua alimwambia anafanana na chura. Aliivaa hivyo hivyo. Halafu, katikati ya Novemba, Antonia alimshika mkono akimpokea kikombe cha chai, akaugeuza, akapapasa kiganja.

"Umepaka nini?"

"Sijapaka kitu."

Nyufa zilikuwa zimefunga. Kidole cha mwisho, ambacho hakikuwa kimekunjika kwa miaka, kiligusa kiganja. Marseli alikikunja na kukikunjua, tena na tena, kama mtu anayejaribu bawaba ya mlango. Kumbe ule ugumu wa vidole haukuwa uzee, kama alivyodhani; ilikuwa chokaa. Siku zote alikuwa akiwaonyesha watu jeraha akiliita ushindi.

*

Benedicta alirudi mvua zilipokwisha kunyesha na mibuni imechanua, shamba zima likinukia. Alikuwa amekonda. Alifunga kitambaa kwenye jicho la kushoto, na kovu la rangi ya waridi lilionekana shingoni. Walimpa kazi kwenye kitalu cha miche, mbali na vumbi. Siku ya kwanza tu, wakati wa mapumziko, alikuja kiwanjani na kifurushi cha karanga kutoka Singida.

"Mama amenituma nikushukuru, baba. Anasema wewe ndiye uliyenirudishia macho."

Marseli hakupokea. Alivua glavu, akavua miwani, akaviweka juu ya jiwe. Kwa wiki nyingi alikuwa amejiandalia maneno, na sasa yalimtoka bila mpangilio.

"Karanga zako siwezi kuzila kabla hujasikia. Hii miwani, ilikuwepo siku ile. Ilikuwa mipya, kabatini. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu."

Benedicta alimtazama kwa jicho lake moja. Upepo ulikuwa mdogo siku hiyo. Ulitikisa ncha ya kitambaa chake tu.

"Ilikuwa mingapi?"

"Kumi na mbili."

"Na sisi kiwanjani tulikuwa wangapi?"

"Saba."

Hakupandisha sauti. Hakulia. Aliinama, akaokota miwani ile juu ya jiwe, akaigeuza, akaufuata mpira wake kwa kidole kuzunguka pande zote, taratibu, kama anayetafuta mahali vumbi lingeweza kupenya. Akairudisha pale pale. Kisha akaondoka na kifurushi chake cha karanga, na Marseli hakumwita.

Desemba yote Benedicta hakumsemesha. Walipokutana njiani alimwamkia, "Shikamoo," kwa kuwa alilelewa hivyo, naye aliitikia, "Marahaba," basi. Marseli hakumwomba msamaha kupitia kwa watu wala hakumtuma Antonia. Aliona kwamba hasira ile ilikuwa mali ya mwenyewe, na hakuwa na haki ya kuiharakisha. Alifanya alichoweza kufanya. Vibarua wapya walipokuja, Simon aliwapeleka kwake kwanza, naye aliwaeleza jinsi ya kufungua mfuko. Hakuwaonyesha tena mikono. Aliwaambia kilichompata mwanamke mmoja kwa sababu ya nyapara mmoja, na nyapara huyo ni nani.

Siku moja, akiwa katikati ya maneno hayo, aliona kwamba vibarua wanatazama nyuma yake. Akageuka. Benedicta alikuwa amesimama kwenye kona ya stoo, trei ya miche mikononi, akisikiliza. Marseli akasogea kando kumpisha.

"Endelea," Benedicta alisema. "Hujawaambia habari ya maziwa." Akaiweka trei chini, akawageukia yeye mwenyewe. Wawili kati yao walikuwa wa Singida. Na hao aliwasemesha Kinyaturu, huku akiwaonyesha kwa mikono jinsi kope inavyofunguliwa.

Februari madaktari wa Moshi walimwondolea kitambaa. Alirudi kwa basi la mchana, akapita kitaluni, akapita ofisini, akaja hadi kiwanjani ambako watu walikuwa wamekwisha kunawa na wanakula. Jicho lile lilikuwa jekundu pembeni, na katikati yake palikuwa na wingu dogo, jepesi.

"Wanasemaje?" Marseli aliuliza, akisimama.

"Wanasema mwanga unaingia. Mengine tungoje." Alitazama huku na huku. "Hapa kuna mahali pa kuona mbali?"

Alimpeleka juu ya ukuta wa mawe wa mtaro, akampa mkono wakati wa kupanda. Kutoka pale ardhi ilishuka yote mbele yao: mibuni, kisha mashamba ya ngano ya watu, kisha mabati ya Karatu yaking'aa, na mbali zaidi, barabara ipandayo kuelekea geti la hifadhi. Benedicta aliliziba kwa kiganja jicho lake la kulia, lililo zima. Akasimama wima, kidevu juu, akitazama kwa lile lingine.

Marseli, aliyekuwa kando yake, aliona kitu cheupe kikisogea kwenye barabara ile ya mbali, akafumbua mdomo.

"Usiniambie," Benedicta alisema. "Ngoja nione mwenyewe."